Namba ya Sista

Ukutani mwa zahanati nyingi za Nyanda za Juu Kusini kuna karatasi zilizobandikwa kwa plasta ileile inayofungia vidonda. Ipo 199, namba ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Ipo 115 ya m-mama, kwa mjamzito au mzazi aliyepatwa na dharura. Ipo 113 ya TAKUKURU, kwa atakayeombwa rushwa. Zote ni za bure. Lakini mama anayeamka saa nane usiku na mtoto anayechemka mara nyingi hapigi hata moja kati ya hizo. Anatafuta kwenye simu jina lililoandikwa "Sista Zahanati", au "Nesi Chanjo", au "Dokta" tupu, na kama hana salio anabipu.

Nyuma ya jina hilo kuna namba binafsi ya mtumishi wa umma. Laini ameisajili kwa namba yake ya NIDA, simu ameinunua kwa mshahara wake, bando anajiunga mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza alimpa namba kwa huruma, wa pili akaipata kwa wa kwanza, na baada ya mwaka mmoja kata nzima inayo. Wanaokuja kutoka Dodoma au Dar es Salaam kuangalia maendeleo ya afya ya kidijitali huuliza ni programu gani inatumika, vishikwambi vingapi vimegawiwa, taarifa ngapi zimetumwa. Simu ya sista haimo kwenye fomu zao, kwa hiyo haihesabiwi. Nami nasema huo ndio mfumo mkubwa kuliko yote wa mawasiliano kati ya mgonjwa na mhudumu wa afya katika mkoa huu wa Mbeya, na waliouanzisha ni wagonjwa wenyewe.

Mbeya ni mahali pazuri pa kuutazama kwa sababu mkoa wenyewe haufanani na nafsi yake. Una watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022. Jiji limekaa chini ya mlima Loleza, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, ambako Juni na Julai watu hulala na mablanketi mawili. Ukishuka kupitia Tukuyu, migomba na chai vikiwa pande zote mbili, unafika Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi, joto na mbu. Chunya ni kukavu, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahama kila zinaposikika habari za mwamba mpya. Mbarali ni mpunga wa bonde la Usangu. Katikati inapita barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la sista akipokea simu ya usiku linatokana na ramani hiyo. Sikiliza mazungumzo ya aina inayosikika pembezoni mwa jiji, tuseme upande wa Igawilo:

"Shikamoo sista. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba mama. Mtoto ana nini?"

"Mwili unachemka tangu jioni. Nimempa Panadol, unashuka kidogo halafu unapanda."

"Ananyonya?"

"Ananyonya, ila siyo sana."

"Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Ukimwita anaamka vizuri au amelegea?"

"Hapana, anaamka. Analia tu."

"Mlisafiri hivi karibuni?"

"Tulienda msibani Ipinda, tumerudi kama wiki moja na nusu."

"Haya. Mvue hayo masweta, endelea kumnyonyesha, saa moja asubuhi uwe hapa tumpime malaria. Akigoma kunyonya au akianza kustuka, usinisubiri mimi wala asubuhi. Chukua bajaji, nenda hospitali moja kwa moja."

Dakika mbili hazijaisha. Ndani yake sista amepitia dalili zote nne za hatari zilizomo katika mwongozo wa matibabu ya watoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu. Ameongeza lake la tano, la msiba wa Ipinda, kule Kyela, ambalo ni ujuzi wa mtu anayekaa hapa. Malaria huchukua siku kadhaa tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze, na mtoto aliyelala Ipinda siku mbili huja kuugua akiwa ameshapanda mlima. Mtu wa kituo cha simu cha mbali anaweza kuuliza "umesafiri?", lakini jina la Ipinda halitamwambia chochote.

Simu imemwokoa mama huyo na safari ya usiku isiyo ya lazima, na imemwambia ni wakati gani safari hiyo itakuwa ya lazima. Hilo la pili ndilo lenye thamani. Simu haipimi malaria, haipimi presha, haisikii kifua. Kazi yake, ikitumiwa vizuri, ni kumsaidia mtu kuamua aende lini na aende wapi, jambo ambalo katika kata yenye zahanati moja na daraja lililokatika ni nusu ya tiba.

Kubipu nako kuna adabu zake. Bipu moja mchana inaweza kusubiri. Bipu tatu mfululizo usiku ni mtu mwenye shida, na sista anajua kwamba akipiga yeye, dakika zinazoisha ni zake. Wenye simu janja hutuma sauti ya WhatsApp, hasa wale wanaoona taabu kuandika, au hutuma picha: upele wa mtoto, kidonda kilichoanza kutoa usaha, pakiti ya dawa iliyofutika maandishi. Wenye kiswaswadu hutuma meseji fupi, bila salamu, bila nukta. "Sista dawa zimeisha niko tunduma gari limeharibika."

Meseji ya namna hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo simu ya sista ilipoanza kufanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kilichoweza kuifanya.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa hii mitatu jirani imeshika nafasi za juu kwa miaka mingi, na sababu zake zimejadiliwa sana: barabara kuu, mashamba ya chai na misitu ya mbao ya Mufindi inayovuta vibarua, machimbo, wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani mijini na kurudi. Zote ni habari za watu wanaosafiri. Tiba yenyewe, kwa upande mwingine, inadai mtu anayekaa. Dawa ni kila siku, kliniki ni kwa tarehe, kadi inasoma kituo kimoja.

Fungua daftari la kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama kila mtu anavyoiita, uangalie safu ya namba za simu. Utaona namba imekatwa, juu yake imeandikwa nyingine kwa wino wa rangi tofauti, pembeni "ya kaka yake", chini "jirani, mwambie ni mama Junia tu". Safu hiyo moja inakueleza maisha ya mgonjwa kuliko historia yote ya vipimo. Alikuwa na simu, ikaibiwa. Akaolewa, akabadilisha laini. Akahamia machimbo, mtandao haushiki. Januari 2020, baada ya kampeni iliyoanza Mei 2019 ya kusajili laini kwa alama za vidole, Mamlaka ya Mawasiliano ilianza kuzima laini zisizosajiliwa, na wengi waliokuwa bado wanasubiri namba ya NIDA walipoteza zile walizokuwa wamezizoea. Hatua ile ilikuwa na sababu zake za kiusalama. Lakini kwa kliniki yenye mamia ya namba kwenye daftari, kila laini iliyozimwa ilikuwa mgonjwa mmoja wa kutafutwa kwa miguu.

Wanaotafuta kwa miguu ni wahudumu wa jamii na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wenyewe, waliofundishwa kuwashika mkono wenzao. Wao nao wana simu. Na dereva aliyekwama Tunduma, akiwa mjanja, ameshapiga picha kadi yake ya CTC kabla hajaondoka. Sista wake wa Mbeya anampigia mwenzake wa huko, picha inatumwa, na mtu anapewa dozi za kumfikisha nyumbani. Utaratibu rasmi upo, barua ya uhamisho, na siku hizi mgonjwa aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Ila gari halivunjiki kwa kufuata tarehe ya kliniki.

Kwamba meseji fupi inaweza kumshikilia mtu kwenye tiba, jirani zetu Kenya walishalipima. Kati ya 2007 na 2009, katika kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata kila wiki meseji ya neno moja kutoka kwa muuguzi: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la meseji na 50 katika kundi lisilopata, na waliofubaza virusi asilimia 57 dhidi ya 48.

Meseji hiyo haikutaja dawa wala ugonjwa. Mtu mwingine akiishika simu hapati kitu. (Mzee wa Tukuyu mwenye miaka 65 angeshangaa kusalimiwa "Mambo?" na nesi wa umri wa mjukuu wake, lakini hilo lingerekebishwa kwa kumtumia shikamoo.) La msingi lilikuwa kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu anayesubiri jibu na aliyelipwa kulisubiri. Ondoa mtu huyo, ubaki na meseji peke yake, nami sitarajii matokeo yale.

Miradi mingi iliyokuja Tanzania na simu mkononi ilimwacha mtu huyo nje. Novemba 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Ulituma neno "mtoto" kwenda 15001, bure, ukaanza kupokea ushauri wa ujauzito na malezi kulingana na wiki zako: nenda kliniki mapema, lala kwenye chandarua, andaa fedha za nauli. Ilikuwa kazi nzuri, kwa Kiswahili safi, na wengi waliipokea kwa furaha. Lakini mama aliyeona damu wiki ya thelathini akaandika kuuliza afanyeje, hakuwa na muuguzi upande wa pili wa kumsomea swali lake. Kabla ya hapo, 2009 hadi 2010, SMS for Life ilijaribiwa Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Watumishi wa vituo 129 walitakiwa kutuma kila wiki idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Ndani ya wiki 21 vituo vilivyokosa aina mojawapo ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Hayo ni mafanikio makubwa, na bado mgonjwa hakuwemo kwenye mazungumzo yale. Ushauri ulishuka kwake, takwimu zilipanda wilayani, yeye akabaki na namba ya sista.

Jaribio lililomweka mgonjwa na mkunga kwenye laini moja lilifanyika Unguja miaka hiyohiyo. Wajawazito 2,550 wa vituo 24 walihusishwa. Katika nusu ya vituo, mama alipata meseji pamoja na vocha ya kumpigia mkunga, na mkunga alikuwa na simu ya kazi. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, dhidi ya 47 kwa vituo vingine. Kisha ukiyatenganisha matokeo unakutana na jambo lisilopendeza: faida yote ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba, simu haikuwabadilishia kitu kinachopimika.

Mtu wa Busokelo hahitaji kuelezwa kwa nini. Unaweza kumpigia mkunga ukamweleza kila kitu na yeye akakwambia njoo haraka, na bado mvua ya Machi imeifanya barabara kuwa utelezi, bodaboda hapandi, na mgonjwa anabebwa kwenye machela hadi kwenye lami. Ndiyo maana naiweka m-mama daraja la peke yake. Ilianza Kanda ya Ziwa mwaka 2013, Sengerema na Shinyanga, ikazinduliwa kitaifa Aprili 2022. Anayepokea 115 ana mwongozo wa maswali mbele yake, na ana orodha ya magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa kawaida waliokubali kuitwa. Gari la wagonjwa likiwa mbali, dereva wa jirani anapigiwa, anampakia mama, na akimfikisha analipwa kupitia simu. Hapo simu imekuja na magurudumu.

Hata hivyo, kwa ninavyoona, namba ya sista bado inatangulia. Mama anampigia sista kwanza, naye sista ndiye anayepiga 115.

Yupo mhudumu mwingine wa jamii anayesahaulika katika mijadala hii: muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu. Mpango wa maduka haya ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ukasambaa nchi nzima, na leo ndiyo mlango wa kwanza wa tiba kwa watu wengi wa Mwanjelwa, Uyole, Mbalizi au Mafinga. Muuzaji amepata mafunzo, ana kibali, na anaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Simu imelibadilisha duka lake. Zamani ulikuja na mtoto, akamwona. Sasa unatuma picha ya pakiti iliyopita, "nipatie kama hizi", unalipa kwa Lipa Namba, bodaboda analeta. Mtoto hajaonekana na mtu yeyote. Labda safari hii ana nimonia, labda ana mafua tu na antibiotiki itamharibia tumbo bure. Simu iliyomsaidia sista wa Igawilo kuuliza maswali manne, hapa imefuta hata lile moja ambalo muuzaji angeuliza kwa kumtazama mtoto usoni.

Na wanaotumia simu hawana nia njema wote. Kuna matapeli wanaowapigia ndugu wa wagonjwa waliolazwa, wakijifanya madaktari: mgonjwa wako hali imebadilika, kuna kipimo cha haraka, tuma pesa kwenye namba hii sasa hivi. Ndugu aliye Makete au Ludewa, aliyemwacha mzazi wodini jijini, atatuma. Serikali imetoa 15040 ya kuripoti namba za kitapeli, na ni vizuri kuitumia, ila pesa ikishatolewa hairudi. Utapeli huu unafanya kazi kwa sababu tumezoea kwamba daktari anapiga kwa namba binafsi. Kama hospitali zingekuwa na namba zinazofahamika, namba ngeni ingetiliwa shaka mapema.

Nirudi kwa mwenye simu.

Mtumishi wa zahanati anafunga saa tisa na nusu alasiri, akiwa amezalisha, amechanja, amejaza madaftari na kuingiza taarifa kwenye mfumo. Simu haifungi. Jumapili kanisani inatetemeka kwenye pochi. Asipopokea, habari zinatembea kwamba siku hizi sista anaringa. Akipokea na kutoa ushauri, mtoto akazidiwa, habari zinatembea vilevile. Hakuna daftari la simu, kwa hiyo hana ushahidi wa alichosema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzao waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walikuta hali hiyohiyo Ghana, Malawi na Ethiopia: wahudumu wa jamii wanatumia simu zao binafsi kwa kazi, wanagharamia wenyewe, na kazi imewafuata hadi chumbani. Ghana, ambayo tangu 2008 ilikuwa na mpango wa madaktari kupigiana bure, nayo imo kwenye orodha. Mpango ule ulikuwa wa daktari na daktari. Mwenye kata nzima kwenye simu yake ni mwingine.

Halafu kuna siri. Picha ya kadi ya CTC iliyotumwa WhatsApp inajihifadhi yenyewe kwenye picha za simu, katikati ya picha za ubarikio na za mahindi ya shambani. Mtoto wa sista anachukua simu kucheza gemu, anapitisha kidole, anaiona. Upande wa mgonjwa nako, simu mara nyingi ni ya nyumba nzima, au ni ya mume na mke anaiazima. Muuguzi mwenye busara huuliza kabla ya lolote: "Naongea na nani?" Wapo wanaokubaliana na mgonjwa neno la kutumia, "kikao ni Alhamisi" likiwa na maana ya tarehe ya dawa, na meseji inapita mbele ya wakwe bila kuwastua.

Sheria zipo. Ile ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukiisoma kwa ukali, simu ya sista imejaa mambo yasiyotakiwa kuwemo. Sioni faida ya kumtisha. Ukimwambia afute kila kitu na asipokee picha, dereva wa Tunduma atakosa dozi na wewe utakuwa umeitii sheria. Afadhali kumpa simu ya kazi yenye namba ya siri na kumfundisha kuzima ule uhifadhi wa picha wa moja kwa moja, somo la dakika tano ambalo halihitaji semina ya siku mbili hotelini.

Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: watu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanamume, wakifundishwa miezi sita na kulipwa posho. Ni hatua niliyoisubiri, kwa sababu kwa miaka mingi watu hawa walifanya kazi kwa kujitolea, wakipewa fulana na baiskeli. Zanzibar walishatangulia na Jamii ni Afya tangu 2019, ambako mhudumu anapita nyumbani na simu inayomwongoza swali kwa swali. Wasiwasi wangu ni mmoja. Vifaa vya namna hii hupimwa kwa taarifa zinazopanda: kaya zilizotembelewa, wajawazito walioandikishwa, watoto waliopimwa. Mama wa kitongojini hataulizia taarifa zilizopanda. Ataulizia namba. Mhudumu mpya atampa ya kwake binafsi, maana hana nyingine, na tutakuwa tumewaongezea mzigo wa sista watu zaidi ya laki moja.

Mzigo wenyewe unaonekana waziwazi siku ya uhamisho. Muuguzi aliyekaa Rungwe miaka saba anapelekwa Mbarali. Anafunga vyombo, anapanda gari, na namba inaondoka naye. Miezi inapita, bado anapigiwa na watu wa Rungwe. Anawaelekeza kwa aliyempokea, ambaye ni kijana mwenye cheti kipya na hajui nani ana presha, nani aliwahi kupoteza mimba mbili, nani simu yake inashikwa na mume. Wengine hawamtaki. Wanaendelea kumpigia wa Mbarali, naye anawajibu kuhusu wagonjwa ambao hajawaona kwa mwaka mzima, huku wagonjwa wapya wa Usangu nao wameshaanza kupeana namba yake.

Laini ikiwa ya zahanati, hili linapungua. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kijiji ndani yake. Kamati hiyo inapanga manunuzi ya dawa na ukarabati. Inaweza kupanga simu moja imara na bando la mwezi. Zipo zahanati zilizowahi kupewa simu ya kituo na mradi fulani, na kasoro iliyojirudia ni kwamba simu hiyo ilikuwa kwenye droo ya mganga mfawidhi, imefungwa, betri imekufa, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni ya nani baada ya saa tisa na nusu. Iandikwe basi kwenye ripoti ya zamu, ikabidhiwe kwa saini pamoja na funguo za chumba cha kujifungulia na hesabu ya oksitosini iliyo kwenye friji. Palipo na watumishi wawili tu, inalala kwa anayekaa nyumba ya kituo, na usiku huo uhesabiwe kuwa wa kuitwa kazini, na posho yake ilipwe. Kando ya simu liwekwe daftari la kawaida la mistari: saa, jina, tatizo, ulichomwambia.

Namba hiyo ndiyo ibandikwe ukutani, juu ya 199 na 115, kwa plasta ileile. Wa Rungwe wataendelea kumpigia aliyehamia Mbarali kwa muda, haizuiliki, na hakuna ubaya. Atakachokuwa nacho safari hii ni namba ya kuwatumia.